Indiketa ya Trela Haikupi Ruhusa: Kuovateki kwenye Barabara Kuu za Uganda

Umekwama nyuma ya trela lililotoka Malaba, mpakani na Kenya. Jinja mmeshaiacha, mbele ni msitu wa Mabira, na trela linapanda kwa kilomita 30 kwa saa huku moshi wake ukikuingilia dirishani. Nyuma yako kuna teksi, zile Hiace za watu 14, imekukaribia mpaka huoni tena taa zake kwenye kioo. Konda ametoa kichwa nje anachungulia. Mara trela linawasha indiketa ya kulia. Limesema nini?

Huenda limesema linataka kukata kulia, kama kitabu cha sheria za barabarani kinavyofundisha. Huenda limesema "tulia hapo hapo, kuna gari linakuja mbele". Na kama ni usiku, huenda halisemi na wewe kabisa. Linamwonyesha yule anayekuja mbele kwamba mwili wa trela unaishia hapa, asije akalikwangua. Indiketa ya kushoto nayo haina afadhali. Inaweza kuwa "naegesha", inaweza kuwa "naingia kituo cha mafuta", na inaweza kuwa ile ambayo kila mwenye haraka anaingojea: "kuko wazi, pita".

Kwa madereva wa safari ndefu kati ya Mombasa, Kampala na kwingineko, mazoea yaliyoenea ni haya: kulia ni usipite, kushoto ni pita. Hakuna sheria iliyoandika hivyo. Ni ukarimu wa barabarani, umezaliwa kwenye kabini za malori na kurithishwa kwa matanboi, wale wasaidizi wa dereva, na mara nyingi unasaidia kweli. Dereva wa trela amekaa juu, anaona mbali kuliko wewe uliyekaa chini nyuma ya kontena. Anapokuwashia kushoto anakusaidia bila kulipwa, na ukishapita unamshukuru kwa honi mbili fupi au kwa hazadi, yaani indiketa zote zikiwaka pamoja.

Taabu inaanza pale msaada unapogeuzwa kuwa ruhusa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya vifo tunavyovilaumu kwa "madereva wakali" inatokana na jambo tusilolisema sana: watu wanapita kwa macho ya wengine. Mtu anaazima macho ya trela, anaazima ya gari lililotoka kabla yake, anaazima king'ora cha msafara wa mkubwa. Ukali upo, na nitaufikia. Lakini dereva mkali anayeona mbele ni hatari ndogo kuliko dereva mpole aliyetoka nje kwa sababu mwenzake katoka.

Twende kwanza kwenye hesabu, maana wengi tumejifunza kuovateki kwa hisia na hatujawahi kupima.

Chukua trela la kontena la futi 40. Kontena lenyewe ni mita 12 na kidogo. Ukijumlisha kichwa, una chuma cha mita 17 hivi. Tuseme unaanza kutoka mita 25 nyuma yake, na unarudi upande wako ukiwa umeliacha mita 25. Ongeza urefu wa gari lako. Jumla unahitaji kulizidi trela kwa takriban mita 70. Trela likienda 60 na wewe 100, tofauti yenu ni 40, yaani mita 11 kwa sekunde. Utatumia sekunde 6 na ushee, na katika muda huo utakuwa umesafiri mita 175. Anayekuja mbele, naye akiwa kwenye 100, atakuwa amekuja mita 175 zake. Kwa hiyo barabara iliyo wazi unayoihitaji ni mita 350, tena bila akiba yoyote.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Trela limemaliza mlima, liko kwenye tambarare, linakwenda 80. Wewe bado uko kwenye 100. Tofauti imeshuka hadi 20, muda umepanda hadi sekunde 12 na zaidi, na barabara unayoihitaji imekuwa mita 700. Mara mbili. Macho yako hayakuona badiliko lolote. Trela ni lile lile, gari ni lile lile.

Basi linalokwenda 90 likitaka kulipita trela la 80 linahitaji karibu nusu dakika, na barabara iliyo wazi ipatayo kilomita moja na nusu. Tafuta kilomita moja na nusu iliyonyooka kati ya Mukono na Jinja. Unakaa na basi kando ya trela, vioo vinataka kugusana, abiria wameshika viti vya mbele, na hakuna aliyefanya jambo linaloonekana la kichaa. Kafanya hesabu mbaya tu.

Hesabu hiyo tena inakupendelea, kwa kuwa inadhani tayari uko kwenye 100 unapotoka. Kwa kweli ulikuwa umebanwa nyuma ya trela kwenye 60, gari lina watu watano na magunia mawili ya viazi kutoka Kabale. Uganda pia iko juu. Kampala ni takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Aliyezoea kuendesha Mombasa au Dar es Salaam akija na gari lake dogo Kigezi, milima ya huko Kabale, atakanyaga mafuta na kushangaa gari haliitiki. Trela lenye tabo halisumbuki kiasi hicho. Kwa hiyo yule uliyemdhani mzito anakuwa mwepesi kuliko ulivyokadiria, na wewe mzito kuliko ulivyojidhani.

Usiku mambo yanakuwa mengine kabisa. Taa mbili za mbali hazikuambii kama gari liko nusu kilomita au kilomita moja, wala kama linakuja kwa 60 au 120. Taa moja inaweza kuwa bodaboda, inaweza kuwa lori lenye taa moja iliyokufa. Na katikati yenu, kwenye ule upande unaotaka kuutumia, anaweza kuwamo mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi au lori lililoharibika ambalo onyo lake pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Kila anayesafiri Uganda anayajua hayo matawi. Ukiyaona mchana unapunguza mwendo. Usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 22 Oktoba 2025, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, wilayani Kiryandongo. Ilikuwa imepita saa sita ya usiku. Kwa maelezo ya polisi, moja lilikuwa linaelekea Gulu likilipita lori, na la pili lilikuwa linakuja Kampala likilipita gari dogo, yote mawili kwa wakati mmoja. Mwanzoni polisi walitaja vifo 63, kisha wakasahihisha hadi 46. Magari mengine nayo yakaingia kwenye ajali hiyo na kupinduka.

Watu wengi walisema yale tunayoyasema siku zote: madereva wa mabasi ni wendawazimu. Lakini tazama namna jambo lenyewe lilivyopangika. Dereva anayeovateki anaupima upande wa kulia, yaani njia ya anayekuja. Anapoona taa mbali anadhani taa hizo zina njia yao na zitabaki humo. Hamfikirii mtu wa upande wa pili ambaye naye anafanya hesabu ile ile, akiamini vile vile. Kila mmoja anadhani ndiye pekee anayetoka nje ya mstari. Mabasi mawili yakikimbiliana kwa 100 kila moja, pengo kati yao linafungwa kwa mita 55 kila sekunde. Muda wa kusema "ah" ni mita 55.

Takwimu za polisi zinaonyesha watu 4,534 walikufa barabarani Uganda mwaka 2022, 4,806 mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Kuovateki ovyo pamoja na mwendo kasi vimehesabiwa kuwa chanzo cha zaidi ya ajali nne katika kila kumi za mwaka 2024.

Nirudi kwenye kuazima macho, kwa kuwa hapo ndipo kuna mengi.

Mfuate aliyetoka. Hii ndiyo ninayoiona kila safari, hasa kwenye foleni ya matrela matatu manne yanayofuatana kutoka Bugiri kwenda Iganga. Gari la kwanza linatoka, linaona pengo kati ya trela la pili na la tatu, linajichomeka. Lilipotoka, la pili lilitoka nalo, na la tatu nyuma ya la pili. La pili halikuona mbele. Liliona mgongo wa la kwanza. Sasa la kwanza limerudi ndani, pengo limekwisha, na dereva wa pili kwa mara ya kwanza anaona barabara: kuna lori la miwa linakuja. Kurudi nyuma hawezi, la tatu liko hapo. Dereva wa kwanza hakufanya kosa lolote, tena atafika nyumbani bila kujua kilichotokea nyuma yake.

Usukani wa upande wa pili ni jambo ambalo wageni wa barabara zetu hawalifikirii. Uganda ina majirani watano. Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto kama sisi. Rwanda, Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na Burundi, ingawa hatupakani nayo, vile vile. Mizigo ya nchi hizo inapita hapa, kupitia mipaka ya Katuna, Mpondwe, Elegu. Kwa hiyo kwenye barabara ya Masaka unakutana na matrela mengi ambayo usukani wake uko kushoto. Dereva wake amekaa upande wa majani. Akiwa nyuma ya trela jingine haoni chochote mpaka nusu ya kichwa cha lori iwe imeshatoka nje ya mstari.

Macho yake ni tanboi, kijana aliyekaa kiti cha kulia, ambaye anachungulia na kusema, "Ngoja, mzee. Ngoja. Kuna Land Cruiser. Moja tu. Haya toka, toka!" Mzee anatoka. Kijana huyo pengine hana leseni ya kuendesha hata pikipiki, lakini ndiye aliyeamua. Akisema "rudi" nusu sekunde baadaye, tani zaidi ya 40 hazirudi kwa sababu kijana amesema. Na wewe uliye nyuma yao, ukiona indiketa ya kushoto ya trela hilo, unachopewa ni ruhusa ya mtu aliyeambiwa na mtu mwingine kwamba kuko wazi. Ongeza hapo kwamba dereva aliyekulia kwenye nchi ya kuendesha kulia amezoea kwamba upande wa kupitia ni kushoto. Amechoka, ni saa tisa ya usiku, mkono wake ukiwasha indiketa usishangae ukiwasha ile ya kwao.

Msafara. Gari la mbele lina king'ora na askari wamening'iniza miguu nje, gari la katikati lina vioo vyeusi, la nyuma lina taa za rangi. Sheria inatoa kipaumbele kwa orodha fupi: magari ya wagonjwa, zimamoto, polisi walio kazini, na viongozi wachache wa juu kabisa. Barabarani orodha hiyo ni ndefu zaidi, na kila Mganda anaijua. Tukiacha hilo, unapousikia msafara punguza mwendo, kaa kushoto, usisimame ghafla. Lakini hatari yenyewe inakuja baada ya msafara kupita. Kuna Premio mbili, teksi moja na Noah lenye haraka ya harusi zimejiunga mkiani, zinapita katikati ya barabara kana kwamba na zenyewe ni za serikali. Wanaokuja mbele walikuwa wamekwenda pembeni kuupisha msafara. Wakiona gari la mwisho lenye taa limepita wanarudi njiani. Wanakutana na Noah.

Sasa tuje kwa anayepitwa, mtu ambaye kwenye mazungumzo yote ya kuovateki huwa anatoka bila lawama.

Sheria na kitabu cha barabarani ni wazi kuhusu wajibu wake: kaa kushoto, usiongeze mwendo. Si lazima asimame, si lazima aingie kwenye majani. Aache tu mambo yaendelee. Wengi wanafanya kinyume. Mtu alikuwa anakwenda 70 kwa raha zake, anasikiliza redio. Akiona gari linatokea kando yake, mguu unashuka wenyewe. Anafikisha 80, 90. Kwenye hesabu yetu ya juu, umeona tofauti ya 20 inavyofanya. Mtu huyo amemfungia mwenzake nje kama aliyefunga mlango, na akiulizwa atakuambia hakufanya kitu, alikuwa kwenye njia yake.

Mabasi yanafanyiana hivi kwa makusudi. Mawili yameondoka Kampala kwa kupishana dakika kumi, yote yanawania abiria wale wale wa Luweero na Kigumba. Wa nyuma akitangulia, ndiye atakayewakuta. Basi linalopitwa si kwamba limekosewa heshima, linapoteza pesa.

Kwa madereva wa matrela kuna sababu nyingine, na hii naielewa. Trela lililoshiba mzigo linaloshuka mteremko likijiandaa kupanda ule wa mbele linautegemea ule mwendo. Akiachia mafuta ili akupishe, atapanda kwa gia ya chini, dakika tano zaidi, na foleni nyuma yake itaongezeka. Anayemwomba nafasi mahali hapo anaomba kitu ghali. Angoje kilele, au sehemu zile chache zenye njia ya ziada ya kupandia.

Lakini matrela yana deni moja ambalo si ghali: kuachiana nafasi. Matatu yakifuatana kwa mita 15, kwa anayetaka kupita yamekuwa gari moja la mita 80. Hakuna pa kuchomekea. Yakiachiana mita 60 au zaidi, anayepita anaweza kupita moja, akaingia, akapumua, akaangalia tena. Wenyewe watakwambia ukiacha nafasi inajazwa na teksi. Ni kweli inajazwa. Teksi hiyo itapita na nafasi itarudi, haihamii hapo.

Kuhusu ukali sasa. Dereva wa teksi kwa kawaida anampelekea mwenye gari kiasi fulani kila siku, ndiyo inayoitwa hesabu, anaweka mafuta mwenyewe, na kinachobaki ndicho chake na konda. Basi la usiku lina saa ya kufika. Malori mengi yanalipwa kwa safari, na siku iliyopotelea kwenye foleni ya mpaka wa Malaba inatafutwa barabarani. Ukimwita mtu huyu mhuni hujaeleza kitu, maana kesho akifukuzwa atakayeshika usukani wake atakabidhiwa hesabu ile ile. Hilo halimtoi kwenye lawama. Bodaboda aliyesukumwa kwenye mtaro naye alikuwa anatafuta hesabu ya mwenye pikipiki.

Kwenye barabara zetu ukubwa ndio cheo. Trela halimpishi mtu, basi linapisha trela, gari dogo linapisha basi, bodaboda inapisha wote, na mtembea kwa miguu hana wa kumpisha. Dereva anayeovateki huku gari dogo linakuja hahesabu mita 350. Anahesabu kwamba yule mdogo atatoka barabarani. Na mara nyingi anatoka. Ndiyo maana mchezo unaendelea. Lakini kule anakotolewa ni njia ya watoto wa shule, wanawake wenye vikapu vya mapapai na baiskeli za makaa. Kando ya lami mara nyingi imekatika, kuna ngazi ya ghafla ya sentimita kadhaa, na tairi likishashuka hapo, kulirudisha kwa pupa ndiko kunakopindua gari. Namawojjolo, kwenye barabara ya Jinja, wauza kuku na gonja, ndizi za kuchoma, wanakimbilia madirishani mara tu gari linapopunguza mwendo. Anayeovateki hapo anapita katikati ya soko.

Basi ufanye nini mtu akikubandika mkiani na kukupiga taa? Usigonge breki kumtisha, maana breki zake huzijui. Usiongeze mwendo kumridhisha, atakufuata na huo mwendo mpya. Endelea kwa mwendo wako, tafuta mahali penye lami pana, angalia kioo cha kushoto kama hakuna bodaboda, washa indiketa mapema, sogea, mpishe. Usijirushe kwenye bega la barabara kwa hofu. Na usimwashie indiketa ya kushoto kumwambia "pita" kama huna hakika, mwache ajiangalizie. Nimejifunza kutompa mtu yeyote ishara hiyo, wala siitegemei nikipewa. Naipokea kama fununu, halafu nachungulia mwenyewe.

Ukikuta gari linakuja kwenye njia yako, punguza mwendo mapema kadiri uwezavyo, shikilia kushoto, washa taa. Usikimbilie kulia hata kama kunaonekana wazi: yule mtu anajitahidi kurudi upande wake, na upande wake ndio kulia kwako. Kila sekunde unayompunguzia mwendo unampa mita za kurudi. Inaudhi kumsaidia mtu anayetaka kukuua, lakini usimnyime.

Taa za anayekuja mbele nazo zina utata wake. Akikupiga taa anaweza kuwa anasema "rudi, sitokupisha", au "kuna trafiki kona ile wanapima mwendo", au "taa zako zinaniumiza". Maana ya hakika ni moja: nipo. Nyingine ni kubahatisha.

Barabara pana ya Kampala kwenda Entebbe, kilomita 51 ukijumlisha tawi la Munyonyo, iliyofunguliwa 2018 na kuanza kulipiwa Januari 2022, ilituletea tatizo la aina nyingine. Huko hakuna anayekuja mbele. Njia ya kulia ni ya kupitia, ukishapita unarudi kushoto. Badala yake mtu anaingia kulia tangu kwenye kibanda cha malipo na kukaa humo kwa 70 mpaka aone uwanja wa ndege, kwa hoja kwamba amelipia. Wenye haraka wanampita kushoto, kwa kasi, mahali ambapo hakutarajia mtu. Ni ugomvi mdogo ukilinganisha na wa Karuma, kwenye barabara ya Gulu.

Serikali ilijaribu kamera. Juni 2025 mfumo wa faini za moja kwa moja ulianza, watu wakapokea ujumbe wa faini kwenye simu, malalamiko yakajaa, na ndani ya siku chache ukasimamishwa ufanyiwe marekebisho. Mwendo ni rahisi kupimwa kwa mashine. Kuovateki kwenye kona ya Mabira kunahitaji askari aliyesimama pale pale, na askari anasimama penye kivuli na nafasi ya kuegesha magari, yaani mahali ambapo hata mjinga anaona mbele.

Anabaki abiria. Kwenye basi lenye watu sitini, hao sitini ndio ambao mshahara wao hautegemei saa ya kufika. Na bado ndio wanaoshangilia dereva akilipita jingine, ndio wanaosema "huyu ndiye dereva". Mmoja akilalamika peke yake anaambiwa ashuke akapande la polepole. Wakilalamika watano wa viti vya mbele, hasa wakiwemo kina mama, dereva huwa anapunguza. Akikataa, namba za polisi ni 999 na 112. Utaulizwa namba ya gari, mlikotoka na mlipofika: Kafu, Bweyale, daraja la Karuma. Kwa hiyo isome namba ya basi kabla ya kupanda, uiandike kwenye simu, maana ukishakaa ndani huioni.